Mchawi wa Fundi Lifti

Fundi lifti alizoea kuongea peke yake. Kazi ndiyo iliyomzoesha. Siku nzima alikuwa ndani ya shimo la lifti, tochi kichwani, grisi mpaka kwenye viwiko, na aliposema neno hakuna aliyemjibu ila mwangwi. Shangazi yake aliyemlea alikuwa akimtania kwamba huyu mwisho wake ataoa nyaya. Hakuoa nyaya. Alioa mfamasia mmoja mwenye kicheko kinachopenya kuta, wakapanga nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo, kwa bahati yake nzuri au mbaya, halikuwa na lifti.

Marafiki zake wawili aliwapata kazini, kwa ajali. Asubuhi moja lifti ya jengo la ofisi ilikwama kati ya ghorofa na ghorofa. Ndani yake walikuwamo mwalimu wa hesabu aliyefuatilia cheti chake, na mwanamke mwoka mikate aliyepeleka keki ya mtu anayestaafu. Mwoka mikate hakuwa akiogopa kitu duniani isipokuwa chumba kidogo kisicho na dirisha. Akaanza kuhema. Mwalimu akatoa mfukoni kete za plastiki zenye pande nyingi, kila upande na namba yake, akamwambia, "Dada, funga macho. Wewe sasa ni mchawi. Umesimama mbele ya mlango wa pango. Unafanyaje?"

Juu yao fundi alikuwa akilegeza breki kwa mkono, polepole, masikio yote yako chini. Lifti ilipofika usawa wa ghorofa na milango kufunguka, watu wa ofisi walipiga makofi. Yeye aliteremka mbio, uso mweusi kwa grisi, akawafuata hadi nje.

"Samahani," alisema. "Ule mlango wa pango ulifunguka?"

Tangu siku hiyo Jumapili mchana wakawa wanakutana kwake. Mchezo wenyewe ni wa mezani, na kazi kubwa ni mdomo. Mwalimu alikuwa msimulizi: aliwaeleza nchi ya kubuni, misitu yake na majumba yake, na hao wengine, kila mmoja akiwa na mhusika wake, awe mchawi au askari wa upanga, walisema wanataka kufanya nini. Kete ndizo zilizoamua kama wamefaulu.

Mwoka mikate alikuwa mchawi wa kuzaliwa. Nguvu zilikuwa katika damu yake, na kila alipopanda ngazi katika mchezo jambo jipya lilimtokea lenyewe, kama jino kwa mtoto mchanga. Fundi alichagua mchawi wa vitabu, na huyo hapewi cha bure. Kila neno la nguvu analolitaka ni lazima alitafute lilikofichwa, alinakili kwa mkono wake, alisome mpaka limwingie, ndipo kete zirushwe. Zikikataa, anaanza upya.

"Mtu mzima unajitesa hivyo kwa hiari yako?" mwoka mikate alimwuliza.

"Hakuna lifti hata moja iliyonijia ndotoni," fundi akajibu. "Zote nimezisoma."

"Kweli bwana. Fundi lifti mzima, na bado unapanda kwa ngazi."

Mkewe alipojifungua mtoto wa kike, mama mkwe alikuja kuwasaidia. Alikuwa mwanamke mwembamba, nadhifu, ambaye maisha yake yote alifanya kazi ya kupokea simu katika kampuni kubwa. Sauti yake ilikuwa na ule upole unaomfanya mtu aliyepiga simu kwa hasira ajikute anaomba radhi. Fundi alimheshimu mpaka ikawa karibu na woga. Akiingia sebuleni, fundi anasimama. Akimwamkia, macho yako sakafuni. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza, badala ya kumweleza habari za mchezo, alimwambia tu, "Mama, nitakuwa na wageni kidogo," akadhani amefupisha mambo.

Mkewe alikuwa amelala, amechoka. Mama mkwe alikuwa chumba cha pili akimbembeleza mjukuu. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kama biskuti.

"Nimeshafungua kaburi," sauti ya fundi ilisikika. "Kitabu cha marehemu kiko kifuani pake. Nakichukua."

"Umekipata," alisema mwalimu kwa sauti nzito ya usimulizi. "Kurasa zake ni za ngozi. Maneno yameandikwa kwa damu."

"Mimi sihangaiki na makaburi," mwoka mikate akadakia. "Nimezaliwa nayo. Nimeamka tu nikajikuta najua kuita radi."

"Afadhali wewe kuliko yule mwenzetu aliyecheza nasi kabla ya kuhama," alisema mwalimu. "Yule alifunga mkataba na jini. Kila akifundishwa jambo jipya, jini linachukua kumbukumbu yake moja. Mwisho alimsahau mama yake. Haya, fundi, umechagua kujifunza neno lipi?"

"La kuponya. Likinikataa?"

"Likikukataa, linakurudia mwilini."

Chumba cha pili, kiti kilichokuwa kikilia nyee-nyee kwa kubembeleza kikanyamaza.

Kuanzia siku iliyofuata mama mkwe alibadilika. Hakununa, wala hakumkosea mkwewe adabu. Ila alifunga madirisha. Fundi akitoka kazini anakuta nyumba imezibwa, mapazia yameshushwa, joto kama ndani ya tanuri. Mtu akipita koridoni, mama mkwe anaacha alichokuwa akifanya na kusikiliza mpaka hatua zipotee. Siku moja jirani wa chini, Mama Pacha, alipiga hodi kuja kumwona mtoto. Mama mkwe alimpokea mlangoni kwa maneno matamu, akamrudisha kwa maneno matamu hayohayo, bila kumwonyesha hata kiti.

Katikati ya juma mkewe alimwita fundi jikoni, akafunga mlango. Uso haukuwa na kicheko.

"Mama anataka niondoke naye. Mimi na mtoto. Anasema niende nikapumzike nyumbani miezi michache."

"Miezi?"

"Nimemwuliza kuna nini, anasema hakuna kitu. Halafu akaniuliza kama wageni wako wanakuja kila Jumapili."

Fundi yalimrudia maneno yote ya Jumapili, moja baada ya jingine: kaburi, damu, jini. Akajishika kichwa. "Amesikia," alisema. "Amesikia, na anadhani amekuozesha kwa mchawi."

Mkewe alimtazama, na kwa mara ya kwanza juma lile kile kicheko kikamponyoka. Alijifunika mdomo kwa kanga asimwamshe mtoto. Lakini fundi hakucheka. Alikuwa anamwona mwanawe akibebwa kwenda mbali, na yeye akibaki na kete mezani.

Alipiga moyo konde, akamfuata mama mkwe kwenye roshani alikokuwa akianika nguo za mtoto. Alisimama hatua chache nyuma yake, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mama, naomba tuzungumze."

"Zungumza, mwanangu. Nishikie na hivi vibanio."

Akavishika. Akaanza kueleza, na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno machache, yote yalimtoka kwa mkupuo: kwamba ni mchezo, kwamba kaburi halipo, kwamba damu ni maneno ya mwalimu, kwamba mwalimu mwenyewe ni mwoga wa mende, kwamba hata hicho kitabu cha marehemu...

"Najua ni mchezo," mama mkwe alimkata.

"Mama anajua?"

"Tangu Jumapili ileile. Nilichungulia mlangoni. Unadhani mchawi wa kweli angekuwa anamwuliza mwenzake, 'Imetoka ngapi, nijumlishe na tatu?'" Alikung'uta kishati cha mtoto, akakining'iniza. "Mimi sikukuogopa wewe. Niliogopa dirisha. Lilikuwa wazi."

Fundi hakuelewa. Mama mkwe alichukua kibanio mkononi mwake, akakaa nacho bila kukitumia.

"Nina dada yangu mkubwa. Hukumwona kwenye harusi, na hukuuliza. Alikuwa mshonaji, mtu wa utani sana. Siku moja bombani alimwambia mtoto wa jirani, 'Ukimpiga tena paka wangu nitakuroga.' Watu wakacheka. Kesho yake mtoto akashikwa na homa. Ilikuwa homa ya kawaida tu, na mtoto akapona, sasa hivi ni baba wa watu. Lakini lile neno lilishatoka. Wakaacha kupeleka vitambaa kwake. Wakaacha kumwamkia. Halafu mawe yakaanza kutua juu ya bati. Mimi ndiye niliyemfungia mizigo. Na nilikuwa namkasirikia njia nzima: kwa nini hukunyamaza? Basi nilipokusikia wewe, dirisha wazi, na mjukuu wangu yuko mikononi mwangu..."

Fundi akampa kibanio kingine.

"Nitauacha mchezo, mama. Leo hii nawapigia simu."

Mama mkwe alikibana kile kishati. "Usiuache. Mtu anayeshinda shimoni anahitaji wa kuongea nao. Ila mfunge madirisha, na mwongee chini chini." Kisha, kama mtu aliyezuia swali tangu Jumapili, akauliza, "Hivi yule wako, alilijua lile neno la kuponya?"

"Bado. Kete zimemkataa."

"Maskini. Na baada ya kuhangaika kaburini kote kule."

Ndivyo ilivyokuwa Jumapili iliyofuata: madirisha yamefungwa, mapazia yameshushwa, na watu watatu wanaongea kwa minong'ono kama wezi. Mama mkwe alikaa nao mezani safari hii, mtoto begani, akisema amekuja kuhakikisha hawapandishi sauti. Kila msimulizi aliposema jambo, yeye alinong'ona, "Enhe?"

Lakini jengo lina macho yake. Majirani walikuwa wamezoea kuwasikia wakipiga kelele na kucheka, na hawakuwajali. Sasa waliona nyumba yenye mtoto mchanga imefungwa kutwa, mgeni wa kuona mtoto amerudishwa mlangoni, na joto lote lile watu wamejifungia ndani wananong'ona. Mama Pacha alipanda ngazi akatega sikio, akanasa maneno mawili matatu. Mojawapo lilikuwa "kaburi". Hayo yalimtosha. Alimfuata mwenyekiti wa jengo, mzee aliyekuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni mpaka alipostaafu, na ambaye bado alimtazama kila mtu kama amepanda bila tiketi.

Hodi ilipigwa kwa nguvu.

"Fungueni!" ilikuwa sauti ya mwenyekiti. "Kuna mambo hayaeleweki humu!"

Mwalimu alifunika kete kwa viganja. Mwoka mikate alitazama mlango, akatazama madirisha yaliyofungwa, akaanza kuhema kama siku ile ya lifti. Mkewe fundi alitoka chumbani. Fundi mwenyewe alisimama, akabaki amesimama. Alimgeukia mama mkwe na kuona kwamba amemziba mtoto sikio kwa kiganja. Alijua anachokisikia mama huyu: mawe juu ya bati.

"Mama, ingia ndani na mtoto," alimwambia. "Nitaongea nao mimi."

Mama mkwe akapiga hatua kuelekea chumbani. Akasimama. Kisha akamkabidhi binti yake mtoto, akaenda dirishani, akavuta pazia. Akafungua dirisha la kwanza, la pili, na la jikoni. Mwanga ukajaa sebuleni, na upepo ukapeperusha karatasi za mezani. Akajifuta jasho, akatengeneza kilemba, akaenda kufungua mlango.

"Karibuni sana," alisema, kwa ile sauti yake ya kazini. "Samahani kwa kuwasubirisha. Niwasaidie nini?"

Mwenyekiti alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Upole ule ulimtoa relini. "Ehm. Shikamoo mama. Tumeambiwa... yaani imesikika kwamba humu ndani mnafundishana uchawi."

Koridoni walikuwa wamesimama na majirani wengine, wakinyoosha shingo. Mama mkwe alishusha pumzi. Fundi, nyuma yake, aliona mgongo wake ukinyooka.

"Mmesikia sawasawa," alijibu. "Tena mwanafunzi mwenyewe ni mzito kweli. Juma la pili hili neno moja halijamwingia. Ingieni, mjionee."

Waliingia kwa sababu hawakujua namna ya kukataa. Mwenyekiti alipewa kiti, Mama Pacha akapewa kingine, karibu na dirisha. Walichokiona mezani ni karatasi, penseli zilizotafunwa na kete za rangirangi. Mama mkwe aliwaeleza yeye mwenyewe. Fundi hakupata nafasi ya kutia neno. Huyu dada amezaliwa na nguvu zake, zinamjia tu. Kulikuwa na mwingine akafundishwa na jini, hatumtaki. Na huyu mkwe wangu hana cha kuzaliwa nacho wala cha kupewa, mpaka asome. Amepata maandishi, ameyanakili, ameyasoma, sasa inabaki kete moja imwambie kama ameelewa.

"Yaani hiyo si haki!" Mama Pacha alisema ghafla, mpaka mwenyewe akashtuka. "Huyu anahangaika na vitabu, na huyu anapata bure? Ni kama wanangu kabisa. Mmoja anasoma mpaka macho yanauma, mwenzake anafaulu usingizini!"

Mwoka mikate akacheka kwanza. Akafuata mkewe fundi, na kicheko chake kikatoka dirishani kikashuka mpaka uani. Hata koridoni walisikika watu wakicheka.

Mwenyekiti peke yake hakucheka. Aliokota kete kubwa, ile yenye pande ishirini, akaikagua kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo inayoamua?"

"Ndiyo, mzee," alisema fundi. "Nikipata kumi na tano au zaidi, nimelijua neno la kuponya. Kuna wagonjwa kijiji kizima wananisubiri."

"Na ukikosa?"

"Linanirudia mwilini."

Mwenyekiti alitafakari hatari hiyo. "Naweza kukurushia?"

Mwalimu alimtazama fundi, fundi akamtazama mama mkwe, mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Mzee alikunja kiganja, akatikisa, akarusha. Kete iligonga penseli, ikazunguka, ikakawia kwenye ukingo wa meza huku watu wote wakiiinamia. Ikalala.

"Kumi na tisa!" mwoka mikate alipiga kelele.

"Umelijua," mwalimu akamwambia fundi, naye amesahau kabisa sauti yake nzito. "Maneno yamekaa sawa kichwani mwako, kama umezaliwa nayo. Unanyoosha mkono juu ya mgonjwa wa kwanza, na homa inashuka."

Mwenyekiti wa jengo aliruka kutoka kwenye kiti kama kijana. Alipogundua amesimama, alikohoa, akasema kwamba kelele za namna hii zinaruhusiwa mpaka magharibi, si zaidi, na kwamba wakati mwingine wafungue madirisha, joto hili litamwua mtoto. Lakini mlangoni alirudi nyuma hatua moja. "Hao wagonjwa wengine," alimnong'oneza fundi, "mtawatibu lini? Jumapili ijayo?"

Mama Pacha alibaki akambeba mtoto, akamsifia mashavu. Sitasema aliamini yote siku hiyo; kwa muda aliendelea kuuliza huku na huku kama lile kaburi ni la kweli au vipi. Lakini aliuliza kwa kucheka, na waliomjibu walicheka.

Wageni walipoondoka fundi alimkuta mama mkwe jikoni, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, analia kimya kimya. Alitaka kurudi alikotoka. Mama mkwe akamwashiria aingie.

"Si huzuni," alisema, akijifuta kwa ncha ya kanga. "Nimelitamka mlangoni, mbele ya watu. Nilidhani dunia itapasuka. Na wao wakaingia wakakaa." Alivuta pumzi ndefu, akaitoa yote, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua mtungi. "Mwanangu, nimechoka. Nimechoka vizuri."

Fundi alichuchumaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake, akamtazama usoni. Hakuna tena aliyetaja habari ya kuondoka. Jioni ile mama mkwe alimpigia dada yake simu, akafunga mlango, na waliokuwa sebuleni walisikia ananong'ona, kisha anaongea, kisha sauti mbili zinacheka, moja ndani ya chumba na nyingine ndani ya simu.

Dada mtu alikuja kumwona mtoto alipoanza kukaa. Alikuwa bibi mnene, mwenye miwani na mdomo usiotulia, na kabla hajamaliza kupanda ngazi alishamtania mwenyekiti kwamba anatembea kama treni iliyochelewa. Jumapili wakamkaribisha mezani. Madirisha yalikuwa wazi, na mwenyekiti alikuwa na kiti chake maalumu.

Mwalimu alimpa karatasi safi na penseli. "Bibi, chagua. Unaweza kuwa mchawi wa kuzaliwa, kama dada hapa. Au wa vitabu, kama fundi. Au ukaomba kufundishwa na—"

"Ah, toka hapa!" bibi alimkatiza, akaisukuma karatasi kwa kidole. "Mchawi nimeitwa bure miaka yote hiyo, na sikufundishwa hata kuwasha kiberiti. Leo nipeni upanga."

Wakampa upanga.